Kukua msichana Lupembe na Matembwe: kanisa, rangi na darasa la 4

Msichana wa Kibena aliyezaliwa miaka ya 1940 katika vilima vya Lupembe, upande wa Matembwe, alikua chini ya mamlaka mbili. Ya kwanza ilikuwa Kanisa la Kilutheri. Lilikuwa limekaa Ubena kwa karibu nusu karne, nalo lilimpa jina la ubatizo, herufi za kwanza na siku ya kuhesabiwa mtu mzima. Ya pili ilikuwa serikali ya Waingereza, iliyoitawala Tanganyika kwa udhamini na kuwagawa wakazi wake mafungu matatu: Wazungu, Waasia na Waafrika, kila fungu na shule zake na wodi zake. Mamlaka hizo mbili mara nyingi zilivutana. Kwa msichana, hata hivyo, zilikutana mahali pamoja: zote ziliamua mapema mno angefika wapi.

Nchi yenyewe ina sehemu yake katika habari hii. Matembwe ipo mashariki ya mji wa Njombe, katika ukanda wa ukungu na mvua nyingi, chai na mianzi ya ulanzi, kabla ardhi haijateremka kuelekea bonde la Kilombero. Makambako, ambako leo mabasi ya Mbeya, Songea na Dar es Salaam hukutana, ulikuja kuwa mji wa maana baada ya barabara kuu kutengenezwa na reli ya TAZARA kujengwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo mtoto wa Lupembe aliyetaka kwenda mbali alitegemea miguu, kisha lori la mzigo kama lilipita.

Katika vijiji hivi Mzungu alionekana kwa nadra, na mara nyingi alikuwa mmisionari au bwana shauri aliyepita kukagua kodi. Kwa hiyo anayetafuta ubaguzi wa rangi wa Ubena kwa kutafuta vibao vya "Wazungu tu" hataupata. Ubaguzi ulimfikia msichana wa Matembwe kwa njia ya vitu ambavyo havikuwepo: darasa la 5 lisilokuwepo, nafasi ya bweni isiyokuwepo, mwalimu wa Kiingereza asiyekuwepo. Mtoto aliyenyimwa kitu asichowahi kukiona anaweza kuishi miaka mingi akidhani hajanyimwa. Hii ndiyo sababu wazee wengi wa kike wa Nyanda za Juu Kusini, wakisimulia utoto wao, husema habari za kanisa kwa kirefu na za serikali kwa maneno machache.

Misheni ya Berlin iliingia Ubena mwishoni mwa karne ya 19, ikitokea kwa Wanyakyusa na Wakinga, na kujenga vituo vyake Kidugala, Yakobi, Ilembula na Lupembe. Haikupokelewa na wote. Septemba 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, jeshi la mtawala wa Wabena, Mtwa Mbeyela, liliishambulia misheni ya Yakobi, na mmisionari Paul Gröschel akailinda akiwa pamoja na Wakristo wachache. Wajerumani waliujibu upinzani kwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Baada ya maafa hayo misheni ikawa kimbilio. Mjane aliyepoteza mume na ghala la chakula, au yatima asiye na mjomba wa kumdai, alipata pale kibanda, shamba dogo na shule. Ukristo wa Ubena uliota katika majivu ya vita hivyo, na wanawake walikuwa miongoni mwa watu wake wa mwanzo.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani. Waskoti kutoka Livingstonia, Nyasaland, wakashika nafasi kwa muda hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925. Vita ya Pili ikawaondoa tena, na sharika zikalelewa na Walutheri wa Sweden na wa Marekani. Katika mabadiliko yote hayo kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu wa dini na wainjilisti Wabena, walioshika chaki asubuhi na kuongoza ibada Jumapili. Mtoto wa Matembwe alimjua mwalimu huyo, na mmisionari alikuwa mgeni wa sikukuu.

Nyumbani mambo yaliendeshwa na wanawake, kwa sababu wanaume hawakuwepo. Njombe ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizotegemewa kutoa vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na Ubena haukuwa na zao la kuleta fedha hizo, hivyo wanaume waliandikishwa manamba na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa miezi au miaka. Mwanahistoria James Giblin, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Njombe kwa kitabu chake cha mwaka 2005, anaeleza kwamba watu hawa walijiona wametengwa na dola, wakaifanya familia kuwa ngome yao. Ngome hiyo ilisimama juu ya mabega ya akina mama na mabinti. Msichana wa miaka 10 alilima, alisenya kuni, alibeba mdogo wake mgongoni na kuchota maji. Barua ya baba kutoka Tanga ilipofika, ilimhitaji mtu wa kuisoma. Nyumba yenye binti aliyekwenda shule haikuhitaji kuipeleka kwa jirani.

Elimu ya zamani ya kumfanya msichana kuwa mwanamke ilikuwa mikononi mwa bibi na shangazi. Damu ya kwanza ilipoonekana, mama hakuwa msemaji. Bibi ndiye aliyemfunda mjukuu wake namna ya kuutunza mwili, kuwaheshimu wakwe na kunyamaza mbele ya wakubwa. Mafunzo hayo yalifungwa kwa ngoma na pombe. Wamisionari waliiona ngoma na kuukataa utaratibu wote uliofungamana nayo. Mkristo aliyecheza ngoma za jando na unyago alihesabiwa kuwa amerudi gizani. Hapa kanisa lilifanya kosa ambalo wachungaji wengi wa baadaye walilikubali waziwazi: liliondoa mafunzo ya mwili bila kuweka mengine. Darasa la dini lilimfundisha binti amri ya 6 dhidi ya uzinzi, lakini halikuwa na mtu wa kumweleza hedhi ni nini. Mafundisho ya bibi yakaendelea usiku, kwa sauti ndogo, katika nyumba za Wakristo na wasio Wakristo.

Mahali pa unyago kanisa liliweka kipaimara, nacho kilikuwa kitu kikubwa kuliko jinsi kinavyochukuliwa leo. Watoto walioingia darasa hilo walijifunza Katekisimu Ndogo ya Martin Luther kwa moyo: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo na Meza ya Bwana, kila kipengele na maelezo yake. Masomo yalichukua mwaka na zaidi, na utoro ulitosha kumrudisha mtoto nyuma. Mwishoni walisimama mbele ya usharika wote na kuulizwa. Wasichana na wavulana walijibu maswali yaleyale, kwa kipimo kilekile.

Inafaa kutua hapa kidogo. Katika jamii ambamo binti alifunzwa kuinamisha macho na kujibu kwa minong'ono, kipaimara kilimtaka asimame wima, mbele ya wanaume na wazee, aitwe kwa jina na atoe jibu linalosikika hadi mlango wa nyuma. Hapakuwa na mahali pengine popote, si barazani kwa jumbe wala bomani, ambapo msichana mweusi wa Njombe aliulizwa jambo la maana na kusubiriwa ajibu. Baada ya siku hiyo alikula Meza ya Bwana pamoja na watu wazima. Gauni jeupe lilinunuliwa kwa fedha za mkonge, au kuazimwa, au kushonwa kutokana na kitambaa kilichoshiba kufuliwa, lakini lilivaliwa. Ni vigumu kuelewa kwa nini wanawake wa Ubena walishikamana na kanisa kwa nguvu hivyo, hata pale lilipowaumiza, bila kuielewa siku hiyo.

Shule ya misheni ilifuata njia hiyohiyo kwa sehemu tu. Shule za vijijini zilifundisha kusoma, kuandika, hesabu, nyimbo na dini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali iliwapa wamisionari ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti yake, na kwa njia hiyo iliachia misheni mzigo mkubwa wa kuwasomesha Waafrika. Wasichana walikaribishwa. Lakini wavulana walipoelekezwa kwenye ualimu na ukarani, wasichana waliwekwa chini ya wake za wamisionari na mashemasi wa kike wa Kizungu wajifunze kushona, kufuma, kufua na kulea mtoto. Lengo lilisemwa bila kificho: mwinjilisti na mwalimu wapate mke Mkristo. Binti alisomeshwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Juu ya mpango huo wa kanisa ilisimama ngazi ya serikali. Elimu ya Tanganyika iliendeshwa kwa mifumo mitatu iliyotenganishwa kwa rangi, kila mmoja na bajeti, mitaala na wakaguzi wake. Serikali ilijitetea kwamba Wazungu na Waasia walilipa kodi maalumu ya elimu, hivyo kila jamii ilijigharamia. Hoja hiyo ilipuuza kodi ya kichwa na ya nyumba waliyolipa Waafrika kwa mamilioni, na ambayo ndiyo iliyowapeleka baba zao kwenye mkonge. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1957 Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na nusu, na Wazungu wapata 20,000. Matumizi kwa kila mtoto yalikwenda kinyume kabisa cha hesabu hiyo, na Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililotuma wajumbe wake nchini kila baada ya miaka michache kuanzia 1948, lilipokea malalamiko juu ya jambo hilo mara kwa mara.

Kwa Mwafrika ngazi ilikuwa na vipandio vichache na nafasi pana katikati yake. Darasa la 1 hadi la 4 lilikuwa shule ya msingi, kwa Kiswahili. Mwisho wa darasa la 4 ulikuja mtihani uliowaacha nyuma wengi. Waliopita waliingia shule ya kati, darasa la 5 hadi la 8, iliyopangwa upya miaka ya 1950 kwa kukazia kilimo kwa wavulana na mapishi na utunzaji wa nyumba kwa wasichana. Juu yake kulikuwa na sekondari hadi darasa la 12, ambako ufundishaji ulikuwa kwa Kiingereza na mtihani uliletwa kutoka Cambridge. Mtoto wa Kizungu aliianza lugha ya mtihani huo mapajani mwa mama yake. Binti wa Matembwe aliongea Kibena nyumbani, akakutana na Kiswahili darasani, na Kiingereza kilimfikia, kama kilimfikia, akiwa karibu na umri wa kuolewa.

Shule ya kati ya wasichana ilimaanisha bweni, na bweni lilimaanisha karo, blanketi, sanduku na safari. Familia yenye fedha za mtoto mmoja ilimpeleka mvulana. Wazazi wengi waliopima hivyo walikuwa wakisoma ngazi jinsi ilivyokuwa: mvulana aliyemaliza darasa la 8 angeweza kuwa karani au mwalimu, na kwa msichana milango iliyokuwa wazi ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tabora ilikuwa na shule ya serikali ya wasichana iliyokwenda hadi sekondari, na Mbeya ilikuwa na Loleza. Nafasi zilikuwa chache kwa nchi nzima. Makerere, chuo pekee cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki kwa wakati huo, kilipokea wanawake wake wa kwanza, 6 tu, mwaka 1945.

Ubaguzi huo ulionekana kwa macho mara moja huko Ubena, tena kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1942 wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa makwao na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati, walianza kufika Tanganyika kupitia Iran. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru karibu na Arusha. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Ifunda karibu na Iringa, na Kidugala, kwenye misheni ileile ya Wabena iliyoachwa na Wajerumani. Wapoland waliteseka sana kabla ya kufika, na hakuna haki ya kuwahusudu. Hata hivyo katika miaka michache tu kambi zao zilikuwa na shule kwa lugha yao, walimu wao, kanisa lao la Kikatoliki na zahanati. Watoto wa Kibena waliopeleka mayai na mboga kambini waliona kwamba fedha zilizosemwa hazipo kwa darasa la 5 zilipatikana kwa mtoto mgeni, kwa kuwa mgeni huyo alikuwa mweupe.

Miaka 17 baadaye tofauti hiyo ilijengwa kwa matofali. Mwaka 1959 ilifunguliwa Iringa shule ya sekondari ya Mtakatifu Michael na Mtakatifu George, ya watoto wa Kizungu, wasichana kwa wavulana, yenye mabweni na viwanja vilivyozidi chochote kilichokuwepo Nyanda za Juu Kusini. Ilikusudiwa watoto wa walowezi wa Sao Hill, Mufindi na Iringa, na wa maofisa wa serikali kutoka pande zote za nchi. Ilifunguliwa zikiwa zimebaki chini ya miaka 3 kufikia uhuru. Majengo hayo baadaye yakawa Shule ya Mkwawa, na tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambako mabinti wa Njombe husomea ualimu.

Wamisionari wa Augustana, Walutheri wa Marekani waliohudumu Tanganyika, walitoka katika nchi iliyokuwa ikipambana na jambo hilohilo mahakamani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitangaza mwaka 1954 kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Novemba 1960 Ruby Bridges, msichana mweusi wa miaka 6, aliingia shule ya William Frantz mjini New Orleans akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu, kati ya kelele za matusi. Wasichana wa Njombe hawakuwa na mlango kama huo wa kuuingia. Shule ya Wazungu iliyokuwa karibu nao ilikuwa safari ya siku nzima, na hakuna mahakama ya Tanganyika iliyowahi kuulizwa kama mgawanyo huo ni halali. Upinzani ulipita njia ya siasa.

Ndani ya kanisa rangi haikutajwa katika mahubiri. Wote ni wana wa Mungu, na ubatizo ni mmoja: hayo yalihubiriwa, na waliosikia waliyaamini. Utaratibu ulisema lingine. Nyumba ya mmisionari ilisimama kando, fedha za misheni zilihesabiwa na Wazungu, na maamuzi makubwa yalifanywa katika vikao vya wamisionari. Wabena walioijua Biblia vizuri hawakukosa kuona pengo hilo, na hoja zao za kudai uongozi zilitoka katika kitabu walichofundishwa. Makanisa 7 ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa kanisa moja, leo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mkuu wake alikuwa Mwafrika, Stefano Moshi, na sharika za Ubena zikaingia katika umoja huo kupitia kanisa la kusini.

Wanawake hawakuvuka kuingia uongozini pamoja na wanaume. Kanisani waliketi upande wao, waliimba, walipamba, walichanga, walijaza viti. Mzee wa kanisa na mchungaji walikuwa wanaume. Adhabu ya kanisa nayo iliwaangukia bila usawa. Mkristo aliyeonekana kutenda dhambi ya wazi alitengwa: alizuiwa Meza ya Bwana hadi atubu mbele ya usharika na kurudishwa kundini. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini dhambi ya msichana ilionekana tumboni na ya mvulana haikuonekana popote. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alisimama peke yake mbele ya madhabahu ileile alikojibu maswali ya kipaimara, na siku ya harusi alinyimwa shela. Mara nyingi mwenzake alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Tanga. Katika yote ambayo kanisa liliwafanyia mabinti wa Ubena, hili ndilo lililoacha kidonda kirefu zaidi, kwa kuwa lilifanywa kwa jina la yule ambaye siku ya kipaimara aliwaita kwa majina yao.

Palikuwa na njia za pembeni, na wasichana wenye moyo walizitumia. Hospitali ya Kilutheri ya Ilembula, sasa katika Wilaya ya Wanging'ombe, iliwafunza uuguzi na ukunga mabinti waliomaliza shule ya kati, nao wakawa wanawake wa kwanza vijijini kulipwa mshahara kwa majina yao wenyewe. Upande wa Wakatoliki, Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walijenga Uwemba kusini mwa Njombe, na Imiliwaha pakaota shirika la masista Waafrika wa Mtakatifu Gertrud. Kwa wazazi wengi binti kuingia utawa lilikuwa pigo: mahari ilipotea na wajukuu pia. Kwa binti mwenyewe ilikuwa njia pekee ya kusoma, kusafiri na kuongoza taasisi bila kuolewa. Haitoshi kusema alimfuata Mungu, wala haitoshi kusema alikimbia ndoa. Katika maisha ya wengi mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Siasa za uhuru zilifika Njombe zikiwa zimebeba mgawanyo uleule wa rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 serikali iliweka kura tatu, ikimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU, chama cha kudai uhuru, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, iliamua kushiriki licha ya ubaguzi huo, ikashinda. Masharti ya kuandikishwa yalihusu kipato, elimu au cheo, na mwanamke wa kijijini aliyeishia darasa la 4 na kuishi kwa jembe hakuwa nayo. Kwa hiyo akina mama wengi wa Lupembe walisikia habari za kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi ambao hawakuruhusiwa kushiriki.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na kuanzia Januari 1962 mifumo mitatu ya elimu iliunganishwa kuwa mmoja. Shule yoyote ilitakiwa kumpokea mtoto wa rangi yoyote. Kwa sheria hiyo moja ukuta wa miaka 40 ulianguka. Kwa mtoto wa Matembwe, hata hivyo, kufunguliwa kwa shule za Iringa na Dar es Salaam hakukuongeza darasa la 5 kijijini kwake. Hilo lilisubiri ujenzi wa shule, utaifishaji wa shule za misheni mwaka 1969 na mpango wa elimu kwa wote wa mwaka 1977, ambapo kijiji kizima kilifyatua tofali na watoto wa kike wakaandikwa kwa idadi ambayo bibi zao hawakuwahi kuiota.

Kizazi kilichokutwa njiani na mabadiliko hayo kinaonekana vizuri katika maisha ya Anna Makinda, aliyezaliwa Njombe mwaka 1949. Alianza shule nchi ikiwa chini ya mifumo mitatu na kuimaliza chini ya mmoja. Sekondari aliifuata Masasi, mwisho mwingine wa kusini mwa nchi, kwa kuwa kwao haikuwepo ya kumchukua, na kidato cha 5 na cha 6 alisomea Kilakala, Morogoro, shule iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College. Mwaka 1975 aliingia bungeni akiwa na miaka 26, na Novemba 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Njia yake ilipita katika shule zilizoasisiwa na makanisa, kama ilivyopita njia ya karibu kila mwanamke msomi wa umri wake. Waliosoma naye darasa la kwanza na kubaki Njombe hawakuwa na akili pungufu. Walikosa nafasi ya bweni.

Ukuta wa pili, ule wa mwili wa msichana, ulikuwa mgumu kuliko wa rangi. KKKT iliruhusu wanawake kupewa uchungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu miaka 30 baada ya Waafrika kushika uongozi wa kanisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na Mahakama ya Rufani ilikazia Oktoba 2019 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi. Shule nazo zilichukua kutoka kanisani adhabu ya kutenga, zikaikaza kuliko kanisa lenyewe: usharika ulimrudisha kundini binti aliyetubu, na shule ya serikali haikumrudisha. Kanuni za mwaka 2002 zilihesabu kosa dhidi ya maadili kuwa sababu ya kumfukuza mwanafunzi, na mimba ilitendewa hivyo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni katika utawala wake. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, aliondoa katazo hilo, na kuanzia hapo msichana wa Matembwe aliyejifungua anaweza kurudi darasani katika shule ya serikali na kufanya mtihani pamoja na wenzake.